Taa ya Bluu

“Wameziweka, mama, wameziweka kwenye vipimo vyote vya nchi!”

Tusekile aliingia jikoni na viatu vyake, kosa ambalo siku nyingine lingemponza. Mama yake aliendelea kupakua ndizi.

“Wameweka nini?”

“Hesabu zangu za uzamivu. Kipimo kinairushia pumzi yako elektroni, kama vijiwe vidogo. Molekyuli ikigongwa inapasuka, na vile vipande ndiyo vinasema unaumwa nini. Kuna moja hakuna aliyejua inavyopasuka. Mimi nimeijua!”

“Miaka mitano chuoni unasomea kupasua vitu,” mama akasema. “Na vikombe vyangu vyote ulivipasua bila kusoma.”

Tusekile akacheka mpaka akakaa. Alikuwa bado hajafika kwenye jina la ugonjwa wenyewe.

Kwa sheria, hakuna aliyekula kabla ya kupuliza. Mama akainama kwenye kipimo kilichoning'inia juu ya meza, akapuliza kama kila siku. Ikawaka taa ya bluu.

Rangi hiyo aliichagua Tusekile mwenyewe. Maana yake ni kwamba miaka haitafika kumi kabla mtu hajaanza kusahau, kwanza majina, kisha nyuso. Dawa ilikuwa bado.

“Hii ni mpya,” mama akasema, akitabasamu. “Ndiyo ya kwako?”

“Ndiyo, mama.”

“Nzuri. Inasemaje?”

Tusekile akavua viatu polepole, akavipanga mlangoni.

“Kula kwanza, ndizi zinapoa.”

“Basi usije ukasahau kuniambia.”

“Sitasahau, mama. Kesho nitakusimulia yote.”