Harusi ya Kijiji cha Kale

Rabi alimwuliza Tirza mara ya pili kama alikuwa anacheka alipoipokea ile pete.

"Nilikuwa nacheka, ndiyo," Tirza akasema. "Watu wote walikuwa wanacheka. Ulikuwa mchezo, Rabi."

Rabi akashika ndevu zake, akamtupia jicho Elkana, mchumba wa Tirza, aliyekaa pembeni ameinamisha kichwa kama mfiwa. Harusi yao ilikuwa imekaribia. Ukumbi ulikwisha kupatikana, gauni lilitundikwa nyuma ya mlango chumbani kwa mama yake Tirza, na shangazi zake walishaanza kugombea meza ya mbele.

Na yote hayo yalitokana na matembezi.

Ni Elkana aliyetaka waende. Kule juu Galilaya kuna kijiji cha Kiyahudi cha zamani kilichojengwa upya juu ya misingi yake: nyumba za mawe meusi, kinu cha zeituni, na vijana wa siku hizi waliovaa kanzu za kitani wakijifanya watu wa enzi za mababu. Elkana alisema tangu wachumbiane hawajatoka hata siku moja. Yeye akatangulia asubuhi na marafiki zake wawili wa chuo cha dini, watu wakimya wa kofia nyeusi, ili washike nafasi kwenye foleni. Tirza akaja nyuma ndani ya gari la mama mkwe wake mtarajiwa, Geula, akisimangwa njia nzima. Geula hakuwahi kuficha kwamba binti wa dereva wa basi hakumstahili mwanawe, mtu wa ukoo wa makuhani.

Walitandaza unga uliokandwa wakaoka mikate juu ya chuma cha moto, wakaila na mafuta na majani makavu ya zatari. Kisha pembe ikalia. Mmoja wa wale vijana wa kanzu, Nevo, akatangaza kwamba leo anaoa na bado hajapata mke.

"Nenda basi," Geula akamsukuma Tirza kwa kiwiko. "Ujifunze kutembea, usije ukatuangukia siku yenyewe."

Tirza akamtazama Elkana. Elkana akacheka, akasema nenda mpenzi, mchezo tu huo, nitakupiga picha.

Akavikwa taji la majani ya mzeituni. Nevo akaita wakwe wapo wapi waje wapokee mahari, mbuzi wawili na mtungi wa mafuta. Geula akajibu kwa sauti kwamba kwa huyu mbuzi mmoja anatosha, tena kilema. Watu wakavunjika mbavu. Nevo akamvisha Tirza pete kwenye kidole cha shahada, akatamka maneno yote, kwamba kwa pete hii umewekwa wakfu kwangu kwa sheria ya Musa na Israeli. Marafiki wa Elkana walisimama mbele kabisa, hata wageni wengine wakanung'unika kwamba wanawaziba.

Makofi yakapigwa. Tirza akaivua pete, akamrudishia Nevo, akaenda kunywa maji.

Alikwisha kuisahau siku hiyo walipokwenda kuandikisha ndoa. Karani akauliza, kama anavyouliza kila mtu, kama kuna aliyewahi kuolewa. Tirza akasema hapana. Elkana akakohoa, akaisimulia ile harusi ya kijijini, mwanzo hadi mwisho. Baadaye, machozi yakimlengalenga, alimwambia Tirza kwamba hawezi kuificha dini kitu. Tirza hakumkasirikia. Alimpenda zaidi. Hasira zake zote alizielekeza kwenye kile kiwiko cha Geula.

Sasa Rabi alikuwa anasema polepole, kama anayempa mtu dawa chungu.

"Mwanamume akikupa kitu chake mwenyewe, akasema maneno yale mbele ya mashahidi wawili wacha Mungu, sheria haiulizi kama kulikuwa na vicheko, binti yangu. Itabidi yule kijana akupe talaka. Na mwanamke aliyeachwa, mtu wa ukoo wa makuhani kama Elkana hamwoi. Hilo unalijua."

Alilijua. Hata mtoto mdogo alilijua.

"Isipokuwa," Rabi akaendelea, "pete iwe haikuwa yake. Kama ni ya kijiji, au aliazima tu, basi hapakuwa na kitu, ni upepo umepita. Nileteeni huyo kijana aseme."

Tirza alitoka mle ndani miguu ikiwa myepesi. Nje Geula alikuwa anamenya chungwa, ametulia tuli. Elkana akasema wasijisumbue, pengine Mungu ndiye amepanga hivi, wamwachie yeye. Tirza akamwona amekata tamaa mapema mno, maskini. Akamshika mkono, akamwambia apumzike, atakwenda mwenyewe.

Kesho yake akapanda basi la kwanza. Alimkuta Nevo uani, amevaa suruali ya jinzi chini ya kanzu, anamsugua punda kwa brashi. Nevo akamtambua mara moja.

"Mke wangu huyo," akatania. "Umerudi kudai mbuzi?"

Tirza hakucheka. Akamweleza yote, kwa utaratibu, asiache kitu. Akamwambia hamlaumu. Anachoomba ni waende tu kwa Rabi, akaseme ile pete ilikuwa ya kijiji.

Nevo akaacha kusugua.

"Pete ya kijiji ipo, dada, na huwa natumia hiyo hiyo, tumekatazwa nyingine kwa sababu ya mambo kama haya," akasema. "Lakini siku ile mchumba wako alinipa yake. Akawaita wale rafiki zake wawili washuhudie, akanisemesha mara tatu kwamba nimeipokea ni mali yangu kabisa, halafu akanionyesha gari lenu linaingia, akaniambia nimchague msichana wa gauni la bluu."