Miguu ya Alhamisi Kuu

Onesmo alikuwa analala na soksi. Mkewe Paskazia alipouliza, alijibu kwamba ni baridi, na hapo Ushirombo kulikuwa na joto la kumfanya mtu akeshe.

Ndani ya soksi kulikuwa na aibu yake. Kucha za miguu yote miwili zilikuwa za manjano, nene, zinamong'onyoka zikiguswa. Alizipata machimboni Geita, alikokwenda kutafuta dhahabu kila baada ya mavuno, akishinda kutwa ndani ya mabuti ya mpira yaliyoingia maji. Sista wa zahanati alimweleza vizuri tu. Ni fangasi, jamii ya ukungu kama ule unaoshika mahindi yaliyolowa. Wanapenda joto na unyevu. Huo si uchawi wala si ukoma, na angemeza vidonge kwa miezi mingi mpaka kucha mpya ziote.

Onesmo aliitikia, akavaa soksi zake, akazidi kuogopa. Nani kijijini angesubiri maelezo ya sista? Wangesema ukoma, basi. Hata Paskazia hakumwambia. Alioga peke yake, akavua nguo gizani, akalala amegeukia ukutani.

Ndipo katekista Athanas alipoleta habari njema: Onesmo alikuwa mmoja wa wanaume kumi na wawili ambao padri angewaosha miguu Alhamisi Kuu, mbele ya parokia nzima. Paskazia alifurahi, akaipiga pasi suruali yake ya Jumapili.

Onesmo alizikwangua kucha kwa wembe mpaka damu ikatoka. Akazipaka mafuta ya taa. Zikawa mbaya kuliko mwanzo. Jumatano asubuhi akamwendea Athanas kujitoa, na njia nzima akatafuta sababu. Ugonjwa haukufaa, wangekuja kumtazama.

"Sistahili, mwalimu," akasema. "Nina mwanamke Geita."

Ulikuwa uongo mtupu. Huko Geita hakuwahi hata kumnunulia mwanamke soda. Lakini maneno yalitoka kwa urahisi, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi, kwamba kwake ilikuwa heri kuitwa mzinzi kuliko kuvua soksi. Athanas aliinamisha kichwa, akasema atamweka mwingine, ila akamweleze mkewe mwenyewe kabla watu hawajamweleza.

Onesmo alikaa chini ya mti wa shule mpaka jua likawa kali. Mwishowe akaamua. Angevua soksi mbele ya Paskazia, amwonyeshe kila kitu, waende pamoja kwa katekista kuufuta ule uongo. Moyo ukawa mwepesi, akatembea haraka.

Habari ilikuwa imemtangulia. Alimkuta Paskazia jikoni, amekaa kwenye kigoda, hajawasha hata moto.

"Mama Mageni, hayo uliyoyasikia si kweli," akaanza, akainama kushika soksi.

Paskazia akamzuia mkono.

"Usinieleze. Nilijua siku nyingi. Mume akianza kumficha mkewe mwili wake, ana pengine anapokwenda." Alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyetua mzigo. "Nimekusamehe, baba Mageni. Na wewe unisamehe. Mimi na jirani yetu Maige, ni mwaka sasa."