Mkufu wa Mwenyekiti

Vyama vyote vya kujitolea vya mji ule vilikuwa vimejaa ukumbini, na Sikudhani, mwenyekiti mpya wa umoja wao, alisubiri kwenye meza kuu avishwe mkufu wa uenyekiti. Mwenyekiti anayeondoka, Mzee Ngwatu, hakuonekana. Sikudhani alikuwa amemshinda kwa kura, akahofu kwamba mzee amesusa. Akainuka kwenda kumtafuta.

Alimkuta jikoni, kichwa na mabega ndani ya sufuria kubwa ya pilau, anaiosha kwa kukwangua ukoko. Mkufu ameugeuzia mgongoni usilowe.

"Shikamoo, mzee. Watu wanakusubiri."

"Marahaba, mwanangu. Wote wameshakula?"

"Wameshakula."

"Basi sufuria ni zetu, mimi na wewe. Mimi nami nilivishwa hapa hapa jikoni."

Akajifuta mikono, akauvua mkufu, akamvisha bila hotuba, kisha akarudi kwenye ukoko wake.

Sikudhani aliitazama sufuria ya pili, nyeusi hadi ukingoni. Akavua viatu, akajifunga khanga juu ya gauni lake jipya. Ukumbini jina lake lilianza kuitwa kwa vigelegele. Akaugeuzia mkufu mgongoni, akainama.