Barua za Nguchiro

Enzi wanyama walipokuwa wakipeleka watoto wao kusoma ughaibuni, Kanga na Nguchiro walijikuta pamoja katika nchi ya Dubu. Baridi ikawafanya ndugu: blanketi moja, sufuria moja. Kanga alikuwa msemaji. Kila akikumbuka kwao, alisimulia kiota cha mama yake na upenyo wa kuingilia, nyuma ya mchongoma. Nguchiro alisikiliza, hakukosa neno.

Waliporudi, Kanga alikuta maganda ya mayai na manyoya ya mama yake.

"Ulimwambia nani, ndugu yangu?"

Nguchiro alilia machozi ya kweli. "Sikumwambia yeyote. Nilimwandikia mama tu, nikimsimulia habari za rafiki yangu na kwao."

"Akajibu nini?"

"Alifurahi sana. Alisema nisiache kukuleta nyumbani."