Mistari Nyuma ya Kabati

Maricel alisogeza kabati apate nafasi ya kitanda cha mtoto wake, na rangi mpya ya ukuta ikabanduka nalo, nyepesi kama ganda la kitunguu.

Chini yake palikuwa na mistari mitatu ya penseli, kila mmoja na tarehe yake na neno "maji". Wa juu kabisa ulimfika kiunoni.

Aliujua mwandiko ule. Ulikuwa wa mama yake wa ubatizo, aliyekuwa akimtumia kadi za siku ya kuzaliwa tangu Maricel akiwa bado Manila. Nyumba hii ya Winnipeg ilikuwa yake, na ndiye aliyemwapia kabla hajapanga chumba hiki cha chini ya ardhi: "Hata tone haliingii, mwanangu."

Sasa mama huyo alikuwa akishuka ngazi na sahani ya tambi. Alipouona ukuta, akasimama.

"Mama, ulijua?"

"Ni theluji tu ikiyeyuka. Si kila mwaka."

"Lakini nilikuuliza!"

"Wageni wote waliotaka kupanga walikuja wakapapasa kuta, wakaondoka." Sauti ilimshuka. "Nikasema, mwanangu hatapapasa."

Maricel akamwinua mtoto kutoka sakafuni, akampita mama huyo bila kuipokea sahani, akapanda ngazi.