Pua ya Ukutani

Pua ya serikali imebandikwa ukutani, ndani ya chumba pekee cha Mwanaheri. Ikinusa mchicha tu mwezi mzima, ruzuku inaingia. Ikinusa nyama hata mara moja, inaandika kwamba mshahara unatosha, na ruzuku inakatwa. Mwanaheri anashona mashati kiwandani kutwa, na mshahara wake haujawahi kutosha.

Ijumaa, jirani yake Bi Kidawa, asiyehitaji ruzuku wala Pua, alimsomea marehemu mumewe khitma. Akaja na sahani ya pilau ya nyama, imefunikwa kwa kawa.

"Hodi! Nimewaletea na nyie."

Chakula cha khitma hakikataliwi. Mwanaheri alitoka upesi, akavuta mlango nyuma yake, akashukuru. Alikula na binti yake, Tatu, uani wamechuchumaa, kisha wakanawa kwa sabuni mara tatu.

Tatu akaelekea mlangoni.

"Ngoja kwanza. Fungua mdomo."

Mwanaheri aliinama, akamnusa mwanawe taratibu, kinywani, kisha kwenye nywele.

"Bado. Kaa hapo hapo."

Tatu akamvuta mama yake kanga, naye akamnusa.

"Na wewe bado, mama."

Wingu la mvua lilikuwa limeshatanda.