Aliyeiona Bandari

"Meli si basi!" Nahodha alifoka, akamtupia dada mhariri mgeni kadi yake mezani. "Haisimami bandarini. Nenda ukaone, ndipo uandike!"

Hiyo ndiyo sheria ya ofisi ya kamusi: huelezi usichokiona. Kila kadi ya neno ilikuwa na mstari wa "Aliyeona", na mhariri mgeni lazima autie sahihi. Akishindwa, kibarua kinaota nyasi. Nahodha, mhariri mkuu, alivaa kofia ya baharia masika na kiangazi, na kuhusu bahari hakuna aliyethubutu kumbishia.

Siku ya tatu dada mhariri akarudi, macho mekundu, viatu vinang'aa.

"Mwanao hajambo?" karani akamnong'oneza mlangoni.

"Homa ilishuka jana alfajiri."

Akaingia. Mjomba wake, kuli mstaafu, alikuwa amemkaririsha habari za bandari jioni nzima mpaka ulimi ukalainika.

"Macho hayo!" Nahodha akacheka. "Upepo wa bahari haumwachi mtu. Haya, soma."

"Bandari: mahali pa pwani palipokingwa na mawimbi, ambapo meli hupakia na kupakua."

"Mfano?"

"Meli imetia nanga nje, inangoja zamu ya kufunga gati."

Nahodha akafumba macho. "Kufunga gati," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Harufu je?"

"Mafuta ya mitambo, mzee, na kamba zilizolowa."

"Na kelele?"

"Minyororo. Na makuli wakitaniana kwa matusi."

Maswali hayakwisha. Kila jibu alitaka lirudiwe, tena polepole. Jasho likaanza kumtoka dada wa watu. Alijua mzee anamchimba, anatafuta pa kumnasia. Mwishowe Nahodha akashusha pumzi, akamsogezea kadi. Akatia sahihi. Muhuri ukagongwa. Kazi ikawa yake.

Kabla hajatoka akaitwa. Nahodha alikuwa amevua kofia, anaizungusha vidoleni.

"Mwanangu, hebu funga mlango kwanza. Yale maji ya bahari... nasikia yana chumvi. Ni kweli?"

Dada mhariri akaufunga mlango, akaviangalia viatu vyake.

"Hata mimi nasikia hivyo hivyo, mzee."